Nilimlaumu caretaker kwa teke, kumbe ni Marek's: kuku wangu wa Kayole

Wakuu niaje. Hii imenipata mimi mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Nafuga kuku wa kienyeji juu ya flati hapa Kayole. Walikuwa kumi na saba. Banda nilijijengea kwa mbao na waya, na bila kujisifu sana, lilikuwa safi kushinda keja wanazolala watu fulani.

Jumamosi moja nikapata mtetea amelala ubavu, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Anakula, lakini kusimama hawezi.

Nikajua ni teke. Na mwenye teke nilimjua: Mutua, caretaker wetu, maana wiki hiyo alikuwa amelalamika kuhusu manyoya karibu na tangi la maji.

Nilimshukia mbele ya wapangaji wote. Mimi, mama mzima wa kwaya, nilisema maneno siwezi kuandika hapa. Mutua aliendelea kufagia ngazi.

Mguu nikaufunga na vijiti na bandeji. Kila asubuhi namkanda na maji moto, nesi kamili.

Wiki iliyofuata wakaanguka wawili, mtindo ule ule. Halafu mwingine jicho likageuka rangi ya majivu. Hapo aibu ikaanza kunishika, kwa sababu hakuna teke la kugeuza jicho.

Nikaita daktari wa mifugo. Akapasua mmoja aliyekufa, akasema dalili zote ni za Marek's. Ni virusi, vinakaa kwa vumbi la manyoya, na havina dawa. Chanjo yake hupewa kifaranga wa siku moja. Vyangu nilinunua kwa jamaa anayeangua kwa incubator, sikuuliza kitu. Nilichanja ya Newcastle, ule ugonjwa wa kideri, nikajiona nimemaliza kazi.

Akaniambia watakaopona watabeba virusi maisha yao yote. Nisiuze wala nisipeane kuku hai.

Walikufa sita. Nililia, sifichi.

Sasa kwetu, ukimvunjia mtu heshima hivyo huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Nilikuwa nimeshamchagulia Mutua mitetea wawili wazuri, awapelekee mamake Kitui. Wanono, wanang'aa, hakuna mtu angejua.

Lakini yule mama pia anafuga. Ningemwangamizia boma lote huku nikijiita mtu wa msamaha.

Nikashuka kwa Mutua mikono mitupu, nikamweleza yote, hadi ile ya mitetea. Akacheka. "Mama, si mayai pia ni kuku?"

Nikampigia daktari. Akasema ugonjwa huu haupiti ndani ya yai. Nichague masafi, ya kuku wazima, yakaatamiwe kule kule Kitui. Nikampa Mutua kumi na mawili.

Wakuu, walianguliwa tisa. Wana miezi saba na mitetea wanataga.

Wangu kumi na mmoja wako sawa, wawili wanachechemea lakini chakula wanagombania. Vifaranga wapya nanunua waliochanjwa tu, na nawalea mbali na wakubwa.

Somo langu: kuku akilala miguu mbele na nyuma, mwite daktari kabla hujamtafuta mtu wa kulaumu. Na kama wako wamebeba virusi, sema ukweli hata ukikuaibisha.

Jumapili mamake Mutua alinipigia, hatujawahi kuonana. Alisema ameita kuku mmoja jina langu, yule mkali. Nimefurahi wiki nzima.

Wenye wameishi na Marek's, nyinyi mlifanyaje? Nasoma zote.