Project yangu ya maji ya Sebeya ilitoka safi mno, kidogo nirudie mwaka

Wakuu, salamu kutoka Gisenyi. Leo nimelala mchana. Ni mara ya kwanza tangu mwaka wa mwisho uanze, kwa hiyo naandika nikiwa na akili timamu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Mhusika mkuu yuko jikoni anamenya viazi. Nimemsomea uzi huu wote, amecheka mpaka akaketi, akasema niuweke.

Mimi ni binti, nasoma biomedical engineering pamoja na sayansi ya mazingira. Kwa wasiojua, sisi si madaktari. Sisi tunatengeneza na kukarabati mashine wanazotumia madaktari. Nimeeleza hivi mara nyingi lakini jirani yetu bado ananionyesha goti lake kila akitoka kanisani.

Project yangu ya kumaliza chuo ilikuwa incubator. Si ile ya watoto njiti. Hii ni ya kuoteshea bakteria.

Unachukua maji, unayapitisha kwenye kichujio, unakiweka kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, unakifungia kwenye joto kama la mwili wa mtu. Kesho yake, kama maji ni machafu, unaona madoa kwa macho yako. Kama ni masafi, huoni kitu.

Mashine ya dukani ni ghali. Ya kwangu ni boksi la foam, balbu, kifeni cha kompyuta mbovu na kidhibiti joto nilichokiunga mwenyewe. Nilitaka kituo cha afya kama cha kule Rugerero kiweze kupima maji ya chemchemi bila kusubiri maabara ya mjini.

Supervisor wangu ni mtu wa maneno machache. Aliniambia: "Lete maji ya mto. Yakiota kwenye mashine yako, unaenda defense kutetea project yako. Yasipoota, mashine haifanyi kazi, tutaonana mwakani."

Incubator ya chuo ilikuwa imekufa, kwa hiyo hapakuwa na ya kulinganisha nayo. Ilikuwa mimi na boksi langu.

Nikaenda mto Sebeya, karibu na unapoingia ziwani. Mvua ilikuwa imenyesha, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Nikasema hapa nimepona, haya hata kipofu ataona bakteria. Nikajaza chupa zangu za kioo, nikarudi nyumbani, nikaziweka kwenye friji maana maabara inafunguliwa asubuhi.

Naishi kwa mjomba. Mkewe namwita Tantine. Amekulia Goma na biashara yake ni maziwa: anayanunua kwa wafugaji, anayachemsha alfajiri, anavuka nayo mpaka wa nchi kwenda kuuza huko Goma. Friji ni yake.

Tukiwa tunakula akauliza zile chupa ni za nini. Nilikuwa nimechoka, nikamjibu kwa mkato: "Ni mtihani wangu, Tantine. Kesho mwalimu anayapima hayo maji. Yakikataa nimefeli."

Ni hayo tu niliyosema, wakuu. Nikaenda kulala.

Asubuhi nikakuta chupa zimeshapangwa kwenye kikapu, zimefunikwa kitambaa. Nikaona raha kweli, nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi chuo. Maji rangi ni ile ile. Nikachuja mbele ya supervisor, nikapanga visahani, nikafunga boksi. Joto likakaa sawa bila kuyumba.

Kesho yake tukafungua.

Safi.

Kisahani cha kwanza safi, cha pili safi, vyote safi kama vimetoka kiwandani. Maji ya Sebeya, baada ya mvua! Supervisor akavigeuza kwenye mwanga, akavirudisha, akasema "Pole" akaondoka.

Nililia kwenye ngazi za maabara bila aibu. Wenzangu walikuwa wanaulizana watavaa nini siku ya mahafali.

Nafika nyumbani, Tantine yuko mlangoni.

"Bon, mutihani ilienda aje?"

Nikamwambia: "Visahani vyote vimetoka safi. Hakuna mdudu hata mmoja."

Akapiga makofi. Akainua mikono juu. "Yezu wee! Aksanti Mungu!" Akamwita mjomba aje, akaanza kutafuta mtu wa kutuma Fanta.

"Tantine, unashangilia nini? Nimefeli!"

"Umefeli aje na maji iko propre? Mi mwenyewe niliichemusha!"

Nikamwomba arudie.

"Si ulisema professeur atapima? Ile maji ilikuwa muchafu sana, donc ningekuacha uende kupata haya? Nikaichemusha pamoja na maziwa, ikapoa. Na machupa nikaiosha na maji ya moto. Sawasawa na ya wakiriya wenye wananiuziaka maziwa."

Wakuu, niliketi chini sakafuni nikacheka mpaka machozi yakarudi tena, ila haya yalikuwa ya aina nyingine. Boksi langu halikuwa bovu! Lilipewa maji yaliyochemshwa likasema ni masafi, na kweli yalikuwa masafi.

Nilipomweleza Tantine tatizo lilikuwa wapi, uso wake ulimshuka. Akashika kitambaa cha kichwa. "Kumbe ni mi njo karibu nikufelishe. Nilitaka tu upite, mwanangu."

Nikamkumbatia. Sikuwa na la kumlaumu.

Nikampigia supervisor nikamweleza. Kwa mara ya kwanza nikamsikia mtu yule akicheka. Akasema nichote mengine, nusu niyaache yalivyo, nusu Tantine ayachemshe vile vile, tuyaoteshe pamoja.

Tukafanya hivyo. Visahani vya maji ya Tantine vikatoka vyeupe. Vya mtoni vilijaa madoa hadi pembeni. Sijawahi kufurahia uchafu namna ile maishani mwangu, nilivipiga picha kama watu wanavyompiga picha mtoto mchanga.

Siku ya defense mtahini kutoka nje akaniuliza: "Kisahani kikiwa safi, utajuaje kama si mashine mbovu?" Nikaweka picha mbili kwenye skrini, ya maji ya mtoni na ya maji ya Tantine, nikaeleza. Akatikisa kichwa kukubali, akafungua ukurasa mwingine.

Nimepita. Kituo cha afya kimoja kimeomba kulijaribu boksi.

Funzo langu ni dogo. Nimekula kwa yule mama miaka yote ya chuo, nikawaeleza watu humu jukwaani ninachosoma, yeye sikuwahi kuketi naye nikamweleza. Naye bila kuelewa lolote aliwahi kuamka akanichemshia mtihani wangu ili nifaulu.

Nyie je, nyumbani wanajua mnasoma nini hasa? Msinijibu mnavyodhani. Waulizeni kwanza, halafu njooni mtuandikie walichosema.