Niliomba Msamaha kwa Mtu Niliyemkamata kwa Haki

Nilikosa mimi. Si shetani, si wapambe wangu, si ukoo wa mtu fulani. Ni mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, na mikrofoni mkononi. Nitukaneni mkitaka, lakini nisikilizeni kwanza, maana jambo hili limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nilikuwa polisi. Nimezaliwa upande wa Tororo, nikaingia kazini kijana mbichi, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki ninachowaandikia. Nimesimama Busia, mpakani na Kenya, juani na mvuani, nimefukuzana na watu wa magendo kwenye njia za panya mpaka viatu vikaisha soli. Mwishoni wakanirudisha karibu na nyumbani, nikawa mkuu wa kituo kidogo cha kijijini. Vyumba viwili na seli moja, basi. Lakini watu walikiheshimu kituo kile, na sababu yake ni kesi ya Mama Akoth.

Mama Akoth ni mjane. Mumewe alimwachia shamba la mpunga bondeni, na mpunga huo ndio uliokuwa unamsomesha bintiye. Jirani yake anaitwa Ofwono, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtu wa ukoo mkubwa. Marehemu alipozikwa tu, Ofwono akaanza kusema lile shamba ni la babu yake.

Asubuhi moja aliingia bondeni na ng'ombe wake wa plau, akaulima mpunga wa mjane ukiwa umeshaanza kutoa masuke. Mama Akoth akasimama mbele ya ng'ombe. Ofwono akamchapa kwa fimbo ile ile ya kuswagia ng'ombe, akamvunja mkono.

Nilifika na pikipiki ya kituo nikamkuta bado ameshika plau. Hata hakukimbia!

"Ofwono, acha hiyo plau."

"Afande, hii mambo ya ukoo. Wewe narudi kituo, jioni mimi nakuja tunaongea."

"Tutaongea ukiwa ndani."

Nikamtia pingu palepale kwenye matope. Jamani! Hakuna aliyewahi kuona Ofwono amefungwa mikono. Halafu wanawake wakapiga vigelegele, na Mama Akoth, mkono umevimba kama mhogo, akaniambia, "Afande, Were akubariki." Were ni Mungu katika lugha yetu. Sijawahi kupewa neno zuri kama lile, si kabla wala baada.

Nikaandika kila nilichokiona. Shahidi mkuu nilikuwa mimi. Nikamwahidi Mama Akoth kwamba siku ya mahakama nitasimama niseme.

Kuanzia hapo jina langu likatembea. Kutoka Kirewa mpaka Iyolwa watu walikuwa wanasema kuna afande mmoja hanunuliki. Wazee wakaja nyumbani: "Gombolola yetu, kata hii nzima, inataka mwenyekiti kama wewe. Huko kituoni unasaidia mmoja mmoja. Ukichaguliwa utasaidia wote."

Maneno matamu hayo! Nikayameza. Sheria inasema huwezi kugombea ukiwa na sare, basi nikaacha kazi. Mke wangu aliipiga pasi sare yangu kwa mara ya mwisho nikairudishe. Alikuwa na furaha kuliko mimi, maana yeye na Mama Akoth wanaimba kwaya moja kanisani. "Sasa wajane watapata pa kukimbilia," aliniambia.

Kampeni zikaanza. Meneja wangu alikuwa binamu yangu Oketcho, mtu wa maneno mengi na simu mbili. Tulizunguka vijiji vyote, na kila tulikopita watu walishangilia, isipokuwa upande wa ukoo wa Ofwono. Huko tulikuta milango imefungwa. Ofwono mwenyewe alikuwa ameshatoka kwa dhamana, anakoboa mpunga wake kama kawaida.

Oketcho akaniweka kando. "Afande, hawa watu wasipokupa kura, umekwisha."

"Nifanyeje sasa?"

"Kesho wana mazishi. Wewe nakwenda, nashika mikrofoni, nasema pole, ile siku ya pingu ilikuwa makosa. Maneno mawili tu, inaisha."

"Haikuwa makosa, Oketcho. Nilimkuta na fimbo."

"Mimi najua. Wewe najua. Lakini unataka kuwa na haki ukiwa nyumbani bila kazi, ama unataka kushinda kwanza halafu ufanye haki ukiwa na kiti?"

 Nilikuwa nimeshaacha mshahara, nimeshavua sare, watoto wananiangalia. Nikajiambia uongo ambao kila mgombea hujiambia: nikifika juu nitarekebisha.

Nikaenda mazishini.

Wakanipa nafasi ya kusalimia waombolezaji. Nilianza vizuri, nikamsifu marehemu. Halafu nikamwona Ofwono amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki, miguu ameinyoosha, ananisubiri. Nikasema hivi, na maneno haya nayakumbuka yote: "Ndugu zangu, polisi naye ni binadamu. Siku ile nilidanganywa na mwanamke. Nilimkamata mzee wetu kwa makosa. Leo naomba msamaha." Nikapiga goti moja.

Shangwe! Watu wakasimama, Ofwono akanyanyuka akanikumbatia. Mwanaume niliyemtoa bondeni na matope ya mpunga wa mjane miguuni!

Nilipogeuka ndipo nikamwona. Msiba wa kijiji ni wa wote, na Mama Akoth alikuwa amekuja kusaidia jikoni kama wanawake wengine. Alikuwa anasonga ugali wa wimbi kwa mkono mmoja, maana ule mwingine uliunga vibaya. Mwiko umesimama ndani ya sufuria. Bintiye, Akoth, alikuwa pembeni yake na beseni la maji.  Mama yule aliuweka mwiko chini, akafungua kanga kiunoni, akamshika bintiye mkono wakaondoka kwa njia ya nyuma ya nyumba. Wenzake hawakuthubutu hata kumwita.

Nilishinda uchaguzi. Nilishinda vizuri!

Kabla sijaapishwa, mahakama ya Tororo ikaniita kutoa ushahidi. Nikapiga simu nikasema naumwa. Ukweli ni kwamba siku ile nilikuwa Majanji ziwani, nachagua sato wakubwa wa sherehe yangu ya shukrani, nacheka na wavuvi. Shahidi hakufika, kesi ikatupwa. Msimu uliofuata Ofwono akapanda mpunga bondeni, shamba lote. Mama Akoth akafunga nyumba, akavuka mpaka na bintiye.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaodhani kiti ni nguvu.

Mwaka huohuo mjane mwingine alikuja ofisini kwangu analia. Shemeji yake amemng'olea mihogo. Nikasema, Were amenipa nafasi ya kutengeneza, huyu sitamwacha. Nikaenda mwenyewe mpaka kwa yule shemeji. Watu wakajaa. Nikanguruma kama zamani: "Rudisha shamba la huyu mama, ama utalala ndani!"

Yule bwana alikuwa ananyonya malwa, pombe yetu ya wimbi, na wenzake. Hata mrija hakuutoa mdomoni haraka. Akaniangalia, akasema, "Mwenyekiti, punguza sauti. Uchaguzi ukikaribia utarudi hapa kuniomba msamaha."

Walicheka! Walicheka mpaka malwa ikawapalia. Mpaka yule mjane niliyemleta aliinamisha kichwa.

Nikaenda kituoni, kituo changu mwenyewe. Mkuu wa pale sasa ni kijana niliyemfundisha kazi mimi. Akanipigia saluti. Nikamwambia nenda ukamkamate yule mtu. Akakuna kichwa.

"Afande mwenyekiti, heshima zote. Lakini mimi nikimkamata, wewe si ndiye utaniruka kesho kwenye mikutano? Mimi nina watoto."

 Nilitoka nikakaa ndani ya gari, nikapiga usukani ngumi mpaka vidole vikauma. Hasira yote ile, na hakuna wa kumkamata isipokuwa mimi!

Na Ofwono? Ofwono ndiye mwenye ofisi. Anaingia bila kubisha, anakaa, anaagiza chai, anaita watu "njooni kwa kijana wangu." Barabara ya kwanza iliyochongwa ilikwenda kwenye mashine yake. Nikikataa jambo, ananikumbusha kwa tabasamu, "Mwanangu, sisi tulikusamehe." Tulikusamehe! Maneno hayo yananichoma kuliko tusi lolote.

Nyumbani ndiko kubaya zaidi. Mke wangu hakugomba. Aliacha tu kuniita baba fulani, akaanza kuniita mheshimiwa. "Mheshimiwa, chakula tayari." "Mheshimiwa, maji ya kuoga." Mnajua uchungu wa kuitwa mheshimiwa na mwanamke uliyezaa naye? Nilimwomba aache. Akasema, "Si ndilo jina ulilolitaka?"

Mwishowe nikamtafuta Mama Akoth. Nilimkuta sokoni Busia, upande wa Kenya, amekaa nyuma ya rundo la omena, wale dagaa wa ziwani, mkono uliopinda ameuficha ndani ya kanga. Bintiye, yule aliyekuwa anasoma, alikuwa anamimina chai kwenye vikombe vya wachuuzi.

Nikachuchumaa mbele yake. "Mama Akoth, ni mimi."

"Nakuona, customer. Unapimiwa ngapi?" Kiswahili chake kilikuwa kimeshakuwa cha Kenya.

"Nimekuja kuomba msamaha."

Akaendelea kupepeta omena. "Wewe unapenda kuomba msamaha."

"Mama, nisamehe, nitakusaidia, nitamlipia mtoto shule, nita..."

"Mimi sikuombi kitu," alinikata. "Uliniita mwongo mbele ya mtoto wangu na mbele ya watu wetu. Mimi siwezi kurudi kule nikiwa mwongo. Kama unataka, nenda useme ukweli mbele ya watu hao hao. Hapa unanizibia wateja."

Nikasema nitakwenda. Hakuniangalia tena.

Na kweli nilikwenda! Jumapili iliyofuata, kanisani kwetu, wakati wa matangazo wakanipa mikrofoni kama wanavyompa mheshimiwa yeyote.  Ofwono alikuwa benchi la mbele. Nikasema, "Ndugu zangu, nilidanganya. Mama Akoth hakunidanganya. Nilimkuta Ofwono bondeni kwa macho yangu, fimbo mkononi, mama ameshavunjwa mkono. Nilimkamata kwa haki. Nilimwomba msamaha kwa sababu ya kura, na mahakamani sikwenda kwa sababu ya kura. Yule mama alisema kweli."

 Nikafikiri, sasa! Sasa watanirushia viatu, sasa watamgeukia Ofwono, sasa kitu kitatokea.

Mtu mmoja huko nyuma akasema, "Aah, mheshimiwa! Kampeni zimeanza mapema!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Sasa anataka kura za wajane!" Nikapaza sauti, "Ni kweli! Nasema kweli!" Kadiri nilivyopaza ndivyo walivyozidi kucheka. Halafu Ofwono akasimama, akageukia watu, akaanza kupiga makofi polepole. "Kiongozi mnyenyekevu huyu," akasema. "Tumpigie makofi." Wakanipigia makofi! Mwimbishaji akaanzisha wimbo, mikrofoni ikachukuliwa mkononi mwangu, matangazo yakaendelea.

Mke wangu alikuwa kwenye kwaya. Ni yeye peke yake ambaye hakucheka wala hakupiga makofi. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba inayoungua na maji hana.

Ndio hapo nilipo. Mama Akoth bado yuko Busia na omena zake. Shamba bado linalimwa na Ofwono. Na mimi bado ni mwenyekiti. Nimekwenda mahakamani Tororo kuuliza kama kesi inaweza kufufuliwa, wakaniambia nirudi na maelezo mapya, na narudi, na wananizungusha, na nitarudi tena. Hata ungamo hili nimeliandika bila jina, na ninajua huo nao ni woga.

Wewe askari unayetazama kiti, wewe mwalimu, wewe mchungaji, yeyote ambaye watu wanamwamini leo: wakikuambia sema uongo mmoja tu upite, halafu utatengeneza ukiwa juu, wakimbie! Hakuna cha kutengenezea huko juu. Utashika mikrofoni useme kweli tupu, huku unalia, na watu watakupigia makofi.