Nilidhani Mkono Wangu Unakufa, Kumbe Mume Wangu Anachezea Mausi Yangu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana wifi zangu wote wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Olasiti hapa Arusha na mume wangu na binti yetu mmoja, ambaye nitamwita Glory. Nafanya kazi kwenye ofisi ya utalii. Kazi yangu ni kupanga picha na ramani za safari kwenye kompyuta, zile wanazoonyeshwa mawakala wanaotuletea wageni.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kuwasalimia wazazi wangu Olmotonyi. Nilikuwa nawakatia ng'ombe majani kwa mashine, ikavuta mkono wangu wa kulia. Nilibaki na kidole gumba, cha pete na cha mwisho. Nikajua kazi imekwisha, kwa sababu mausi ya kawaida ya kompyuta inataka vidole vile vile nilivyovipoteza. Nilijaribu mkono wa kushoto, picha zikawa zinakaa upande kama zimepangwa na mtoto wa chekechea.

Aliyeniinua ni mume wangu. Yeye ni mwalimu wa kompyuta. Alininunulia mausi isiyo na vitufe, mgongo wake laini kama kioo, unaigusa kama unavyogusa simu. Akakaa na mimi mezani akibadilisha setingi mpaka ikafuata vidole vyangu. Nikigusa kidogo kwa kidole cha mwisho, inafungua. Nikitelezesha cha pete, inageuza ukurasa. Nikitelezesha vyote viwili, inakuza picha. Kila mara ananiuliza, "Hapo unaumia, Mama Glory? Nipunguze?" Jamani, nilimpenda yule mwanaume. Nikarudi kazini, na mwaka huu bosi akaniambia ananiandaa niwe msimamizi wa kitengo chetu.

Nilipomwambia mume wangu habari hiyo alinipongeza. Baada ya muda, vidole vikaanza kunisaliti. Nagusa, haifungui. Nageuza ukurasa, unarudi nyuma. Leo hiki, wiki ijayo kile. Nikajua ni mkono unakufa. Nilikuwa nalia jikoni, yeye ananifuta machozi. "Mwili una mwisho wake, mke wangu. Si lazima upambane kila siku. Acha kazi, twende Tengeru tukakae na mama, migomba ipo, utapumzika."

Siku ya kuwaonyesha mawakala kazi yetu kwa projekta, nilitelezesha kidole cha pete ili nigeuze ukurasa. Picha ikakua, ikakua, mpaka ukutani likabaki tundu la pua ya twiga. Watu wakacheka. Nikijaribu kupunguza, inazidi. Bosi akanisogelea akasema taratibu, "Dada, pumzika kidogo." Usimamizi akapewa mwingine, mimi nikahamishiwa kupokea simu.

Nilikwenda hospitali. Daktari akanikunja vidole, akaninyoosha, akasema, "Mama, mkono huu uko vizuri kuliko ulivyokuja mara ya mwisho." Nilimsimulia Rehema, mwenzangu ofisini. Akaniambia, "Kama mkono ni mzima, basi tuiangalie mausi."

Tukafungua setingi. Mimi sikuwahi kuzigusa, ilikuwa kazi ya mume wangu. Tukakuta kila kitu kimepinduliwa: kulia kumekuwa kushoto, mguso umewekwa mzito, mshale umeongezwa kasi. Tukarekebisha wenyewe, tukijaribu na kukosea, mpaka ikatulia. Vidole vikafanya kazi kama zamani. Nikabeba kompyuta yangu nyumbani kama kawaida, kwa furaha, ila sikusema kitu. Jumapili mume wangu alisema kichwa kinamuuma, tukaenda kanisani mimi na Glory. Jumatatu nafungua kompyuta ofisini, imepinduliwa tena.

Nilirudi nyumbani siku ile ile nikamuuliza. Alikana kwanza. Nikamwambia Rehema ameona, tumeirekebisha wote. Ndipo akasema, "Mama anazeeka peke yake. Ningekuambia uache kazi ukiwa mzima, ungekubali?"

"Ungeniambia tugombane, Baba Glory. Kwa nini unifanye niamini nimekuwa kilema mara ya pili?"

Akasema, na hili ndilo linaloniuma mpaka sasa, "Zamani ulikuwa unaniita kila jioni nikurekebishie. Siku hizi huniiti. Hunihitaji."

Ile mashine ya majani haikunijua. Huyu ananijua, anajua kila kidole kinakofika na kinakogoma, na ndiyo maana alijua pa kuniharibia.

Kesi ikapelekwa kwa wazee wa kanisa. Mmoja akauliza, "Mausi ndiyo nini?" Alipoelezwa akacheka. "Hajakupiga, hajaleta mwanamke, unataka kuvunja ndoa ya Kikristo kwa ajili ya kipanya cha kompyuta?" Mama mkwe, nilipompigia na kumwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kwa unyonge, akasema, "Mwanangu, msamehe, alifanya kwa ajili yangu." Na ni kweli miguu yake ni mibovu, anahitaji mtu. Sina ugomvi na yule mama.

Mume wangu amepiga magoti, ameomba radhi. Lakini bado anapanga. Amekodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, Jumamosi kinakuja kubeba vitu kwenda Tengeru. Amemwahidi Glory kwamba bibi amemfugia mbuzi, mtoto haongei kingine. Bosi nilimweleza ukweli kwa aibu, akasema nirudi kwenye meza yangu Jumatatu kama bado naitaka.

Angenikosea kwa hasira ningemwelewa. Huyu alinikosea kwa utulivu, kidogo kidogo, halafu akaniandalia leso ya machozi. Wengine mmeolewa miaka mingi kuliko mimi, na akina baba mpo humu pia, msinionee aibu. Kirikuu kikifika Jumamosi, nipande na mwanangu, au nivishushe vitu vyangu na yeye aende peke yake kwa mama yake? Nasoma kila mtakachoandika.