Shubiri Mbili Bila Gundi

Kwa miaka mingi, pale Mlandege, mtu akimwambia mwenzake "peleka kwa fundi," hakuhitaji kuongeza neno. Fundi nilikuwa mimi. Nilishona sare za shule, magauni ya kipaimara, mapazia ya watu waliohamia nyumba mpya. Cherehani yangu ilikaa barazani ikitazama barabara, na waliopita walinisalimia hata kama hawakuwa na cha kushona. Nasema haya mapema ili kieleweke kilichonipata wifi yangu alipokuja.

Alikuwa mdogo wa mume wangu, mtoto wa mwisho kwao, kutoka Soweto ya Mbeya. Karakana alimokuwa akishona maturubai ya malori na viti vya magari ilifungwa baada ya mwenyewe kufariki, na mume wangu akamwambia aje Iringa akae nasi mpaka apate pa kujishikiza. Nilimpokea vizuri. Nilimpa chumba, nikasogeza meza yangu ili cherehani yake ikae kando ya yangu. Wiki ile ya kwanza nilifurahi hasa kupata mtu wa kupiga naye soga kazi ikiendelea.

Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amenijia bwana mmoja anayetembeza watalii kwa miguu upande wa Idodi, kwenye njia ya kwenda Ruaha. Wageni wake hawakutaka mahema mazito. Walitaka turubai jepesi la kufunga kwa kamba kati ya miti miwili, ambalo likikunjwa linaingia kwenye mfuko wa koti. Ya kuagiza nje yalikuwa yanachelewa, akaona bora alete kitambaa chenyewe, mimi nishone. Alileta robota la nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni pande zote mbili. Ilikuwa inateleza mkononi kama kambare. Hata pini huwezi kuichoma, maana kila pini inaacha tundu. Nilishikiza kwa vibanio vya nguo.

Turubai lenyewe ni vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa mshono wa kukunja mara mbili, kama wa suruali ya jinzi, na mshono huo ndio unaokaa juu kabisa turubai likishafungwa. Sindano imeupiga matundu mamia. Yasipozibwa, mvua inaingia.

Na mimi kuyaziba kulinishinda. Nilijaribu gundi ya viatu. Ikakauka, kisha ikabanduka yote kama utando wa maziwa. Nikajaribu nta ya mshumaa. Ikapasuka turubai lilipokunjwa. Yule bwana alilirudisha mara mbili, na mara zote mbili alikuwa mpole. Afadhali angefoka.

Wifi alilichukua, akalisugua kati ya vidole, akalinusa.

"Wifi, hiki kitambaa hakishikani na kitu chochote isipokuwa silikoni yenyewe," akasema. "Ngoja nikuonyeshe."

Akaenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, akarudi na silikoni ile isiyo na rangi, na chupa ya tapentaini. Alikamua silikoni kwenye kopo, akamimina tapentaini kidogo kidogo huku akikoroga kwa kijiti, mpaka ikawa kama uji mwepesi. Akatandaza turubai mezani, akauvuta mshono ukakaza, akapaka kwa brashi na kufuta iliyozidi. Siku ya pili, ilipokauka, akapaka poda ya mtoto juu yake ili turubai likikunjwa lisigandane. Kisha yeye na kaka yake wakalishika pembe nne, akaniambia nimwage maji. Nilimwaga ndoo nzima. Chini palibaki pakavu kabisa.

"Sasa huyu ndiye fundi!" mume wangu akasema, akicheka.

Hakuwa na nia mbaya. Ni maneno ya mtu anayejivunia mdogo wake. Lakini nilibaki nimeshika ndoo tupu, na kitu kikanikaa kifuani ambacho hakikutoka tena.

Yule bwana alipokuja kulichukua, alimwaga maji mwenyewe, akafurahi mpaka akapiga makofi. Tangu siku hiyo akifika hakuniuliza habari za kazi. Alisalimia kwa Kihehe, "Kamwene, mama. Dada yupo?" Mimi mama, yeye dada, na tulipishana miaka saba tu. Halafu wakaanza wengine. Mwimbaji mwenzangu wa kwaya, niliyemshonea tangu hajaolewa, alileta kitambaa chake cha Krismasi akakiweka kwenye meza ya wifi. Eti alidhani tunafanya kazi pamoja, kwa hiyo popote ni sawa.

Nilianza kuhesabu salamu: ngapi zake, ngapi zangu. Nilificha mkasi mzuri nikasema umepotea. Akicheka na wateja, nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie. Kanisani niliomba Mungu aniondolee moyo huo, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaanza kumkosoa tena: anachoma sana vitunguu, anatumia maji mengi, anampigia mama yake simu kwa Kinyakyusa ili nisielewe. Yeye hakuonekana kujua lolote. Aliniuliza shauri kuhusu mambo aliyoyajua kunishinda, na nilijua anafanya hivyo kwa heshima. Heshima hiyo nayo niliichukia.

Mvua zilipoanza, yule bwana aliagiza maturubai manane, akatualika sote wawili tufike Idodi tuyaone yakifungwa. Siku moja kabla ya safari, mchana, yalikuwa yamebaki mawili hayajazibwa. Wifi alimaliza moja, akavaa kandambili.

"Wifi, nimalizie hili la mwisho, naomba. Nakimbia kununua kamba."

"Nenda tu," nikamwambia.

Nilipaka vizuri kutoka ukingo wa kwanza. Nilipofika katikati, mkono ukasimama. Barazani hapakuwa na mtu. Nikanyanyua brashi, nikapima shubiri mbili kwa macho, nikaziruka, nikaendelea mbele mpaka mwisho. Sikusahau, sikuchoka, sikuitwa na mtu. Nilijua ninachofanya. Aliporudi aliliangalia kwa haraka, akasema, "Asante wifi, umeniokoa," akaenda kukunja nguo zake za safari.

Idodi tulifika saa nne asubuhi. Kambi ilikuwa kwenye miti karibu na korongo, na wageni wawili walishafika, mzee na mkewe. Mzee alikuwa mchoraji. Alikaa chini ya turubai moja akiwa na daftari kubwa magotini, anachora ndege kwa rangi za maji, taratibu kama mtu anayelisha mtoto. Alitufungulia kurasa za nyuma tuone: mwewe, hondohondo, ndege wengine nisiowajua majina, kazi ya siku nyingi za kutembea.

Mvua ilikuja mchana baada ya chakula, kubwa, bila upepo. Wote tulijibanza chini ya maturubai, na yule bwana akawa anapita huku na huku amelowa, anatazama juu, anatabasamu. Ndipo tukasikia mke wa mzee anapiga kelele. Mzee alikuwa amesinzia, daftari limefunguka kando yake, na maji yalikuwa yanadondoka katikati ya kurasa, tone baada ya tone. Mpaka tunalinyanyua, yule hondohondo alikuwa amegeuka doa jekundu na jeusi, na kurasa za chini yake zimegandana.

Mzee alijaribu kuzitenganisha kurasa kwa kucha, zikachanika, akaacha.

Yule bwana akaingia chini ya turubai, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Hili kaliziba nani?"

Wifi alitazama juu mahali maji yalipotokea. Akatazama kwa muda. Kisha akanitazama mimi, mara moja tu, akanipa nafasi. Niliiona nafasi hiyo. Nikaangalia viatu vyangu.

"Kazi hii nimeisimamia mimi," akasema. "Kosa ni langu. Nisamehe sana, mzee."

Nitasema ukweli wote: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Nilifurahi kumuona ameinamisha kichwa mbele ya watu. Haikudumu hata mpaka mvua ilipokatika, lakini ilikuwepo.

Nilipata nilichotaka. Yule bwana aliporudi Mlandege alikuja mezani kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, yajayo nishonee wewe mwenyewe." Wifi alisikia. Baada ya wiki moja alifungasha, akamwambia kaka yake kwamba mama anamhitaji nyumbani, akarudi Mbeya. Mume wangu hakuelewa. Nilimsaidia wifi kubeba cherehani yake mpaka stendi, na tukaagana kwa kushikana mikono kama watu waliokutana siku hiyo.

Niliyashona maturubai yale kwa mtindo aliouacha yeye, na hayakuvuja. Kila nilipochanganya silikoni na tapentaini, harufu ile ilinirudisha kwenye korongo la Idodi.

Mwaka uliofuata habari zikaanza kuja kupitia mume wangu: wifi amepanga chumba cha duka Soweto, wifi ana mafundi wawili, wapanda milima wanaokwenda Rungwe wanachukua maturubai kwake. Mume wangu alinionyesha picha kwenye simu. Nikasema, "Hongera zake," nikatoka nje, na wivu ulikuwa palepale nilipouacha, mzima, haujakonda hata kidogo. Lakini safari hii nilichoka nao. Mama mkwe alipougua tukaenda kumuona, nami nikaomba nitangulie dukani kwa wifi peke yangu.

Nilimkuta anakata kitambaa. Nilisema nikiwa nimesimama mlangoni, maana ningekaa nisingesema.

"Wifi, lile turubai la Idodi. Sikusahau. Niliruka makusudi."

Hakuacha kukata.

"Najua," akasema. "Niliona mpaka wa gundi. Ulikuwa umenyooka kama umepigiwa rula. Aliyesahau haachi vile."

"Mbona ulinyamaza?"

Hapo ndipo akaweka mkasi chini. "Nilikusubiri wewe. Wifi, mimi sikuondoka kwa sababu ya mshono. Niliondoka kwa sababu nilisimama pale peke yangu na wewe ulikuwa pembeni yangu."

Nilitoa simu, nikampigia yule bwana wa Idodi mbele yake, nikamwambia kila kitu.

"Mama, sasa mimi nifanye nini na habari hiyo?" akauliza.

"Umwambie yule mzee. Na umuombe radhi wifi yangu."

Akasema namba ya mzee ataitafuta. Kama aliipata, sijui. Kwa wifi alipiga siku ileile, wakaongea muda mrefu, na wifi akaenda kuongelea uani nisisikie.

Alipoingia ndani hakunikumbatia. Aliosha mikono, akafunua sufuria, akaniambia, "Kaa ule." Ilikuwa ndizi na nyama, zilizopikwa kwa maziwa. Nilikula nikitazama mafundi wake wakipaka mishono kwa brashi, haraka na safi kuliko mimi. Na chakula kilikuwa kitamu kushinda changu, na hilo likaniuma kidogo.