Kompyuta ya Bi Nailoni

"Hili ni sanduku la maiti, shemeji, si kompyuta! Kitu kikishakufa humu ndani, hakuna kingine kinachokubali kuingia!"

Wateja wawili waliokuwa wakichagua spika waligeuka kutazama. Bi Nailoni alikuwa amelibwaga kasha la kompyuta yake juu ya kaunta, ubavu wazi, nyaya nje kama matumbo ya kuku. Kile kisanduku cha kuingizia umeme kilikuwa kimeungua. Alikuwa amezunguka mji mzima kutafuta kingine, na kila alichokijaribu kilimkataa: ama tundu za skrubu zimepishana, ama kichwa cha waya si chenyewe. Waliounda mashine ile walihakikisha kitakachoingia humo ni chao tu, na hicho chao walishaacha kukitengeneza.

"Punguza sauti, shemeji," alisema mwenye duka, ambaye ni mdogo wa mumewe. "Mbona imekutumikia vizuri tu? Nina mpya hapa, imefungwa kiwandani, ina waranti. Unachomeka, unawasha, unafanya kazi. Ikikusumbua, unajua nilipo."

"Nakujua sana ulipo. Ndiyo maana nimekuja kugomba."

Kugomba alikuwa anakuweza. Hakuna duka pale mtaani ambalo hakuwahi kulirudishia kitu: pasi isiyopata moto, ndoo iliyopinda, viatu vyote viwili vya mguu wa kushoto. Muuza viatu huyo mpaka leo akimwona anakuja huamkia yeye kwanza, hata kama amempa mgongo.

"Safari hii sinunui," alisema. "Naunda mwenyewe. Kila kipande nitakichagua kwa mkono wangu. Kikifa nakitoa, naweka mwenzake."

Shemeji alicheka mpaka akashika kaunta. "Wewe? Ambaye hata rimoti yako bado imevaa nailoni?"

Hapo alikuwa amemgusa penye jina. Nyumbani kwa Bi Nailoni, kitu kipya hakikuvuliwa nguo ya dukani. Rimoti ilikuwa na nailoni yake, mlango wa friji na yake, na kochi kubwa la sebuleni lilikuwa limefungwa gubigubi kama siku lilipoletwa. Na kochi hilo lilikuwa na kesi. Shemeji na kaka yake ndio waliolipandisha ngazi. Kwenye kona shemeji akabanwa kidole, kucha ikang'oka. Bi Nailoni akamwambia, kwa huruma ya siku ile, kwamba nailoni ikitolewa, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kukalia kitambaa. Kucha iliota zamani. Nailoni bado ipo.

"Na deni langu?" shemeji aliuliza akijifuta machozi.

"Lipo. Kochi bado jipya."

"Jipya! Lingekuwa mtoto, sasa hivi lingekuwa darasa la tatu!"

Bi Nailoni akachomoa diski yake kwenye ile maiti, akaitia mkobani, akaondoka.

Ndani ya diski hiyo ndimo ilimokuwa roho yake. Alikuwa na studio ya picha na video, chumba kimoja chenye pazia la buluu na stuli, na alikuwa na harusi ya binti wa mwenye saluni, imekatwakatwa lakini haijaunganishwa. Bibi harusi alikuwa anahamia ng'ambo Jumapili, na mama yake ameapa kwamba mwanawe hapandi ndege bila video hiyo. Ikikosekana, maharusi wote wanaopambwa pale saluni wangevuka barabara kwenda studio ya pili. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya utani. Na baada ya maneno yale dukani, hapakuwa na uso wa kurudi.

Alhamisi mchana alitandika shuka safi juu ya meza ya chakula, akavua bangili, akapanga vipande alivyovinunua mjini kimoja kimoja. Mumewe, dereva wa basi la shule, mtu wa maneno machache, alipewa kazi ya kushika tochi.

"Juu kidogo. Si usoni kwangu! Naunda kompyuta, sing'olewi jino."

Prosesa, ambayo ndiyo akili yenyewe, kijipande chembamba kama biskuti, aliilaza kwenye bodi huku amebana pumzi. Akaipaka ile dawa ya kijivu ya kupitishia joto, kiasi cha dawa ya meno ya mtoto. Juu yake akaweka chuma cha kupoozea chenye feni mgongoni. Chuma chenyewe kiling'aa upande wa chini kama kioo, akaona raha hata kukitazama. Akakaza skrubu kwa mshazari, kama alivyoonyeshwa kwenye simu. Vijiti vya kumbukumbu vikaingia kwa sauti ya tak! Diski yake ya zamani ikafuata. Nyaya akazisuka vizuri kuliko nywele za harusini.

Akabonyeza. Feni zikazunguka, kioo kikawaka.

"Nimezaa!" alipiga kelele, akamkumbatia mumewe na tochi yake.

"Wa nne huyo," alisema mumewe. "Na huyu hatumlipii ada."

Picha ilitumwa kwa shemeji papo hapo, na maneno chini yake: Njoo uone kitu kinachofunguka.

Ijumaa alfajiri akaanza kazi. Mashine ilikuwa nyepesi, ukiigusa inaitika. Akaunganisha harusi yote, kuanzia kupambwa mpaka keki, kisha akaiamuru itoe video nzima. Feni zikapandisha mlio, zikapandisha tena, halafu kimya. Kioo cheusi.

Akaiacha ipumzike, akawasha. Ikawaka bila kinyongo. Akaiamuru tena. Ikazimika palepale bibi harusi anapolishwa keki. Mara ya tatu hata kwenye keki haikufika.

Hapo Bi Nailoni alifungua mdomo kugomba, akakuta hakuna wa kugombezwa. Mwenye bodi angesema bodi yake nzima. Mwenye feni angesema si feni inazunguka? Na aliyeviunganisha? Alimtazama fundi huyo kwenye kioo cha kabati, fundi naye akamtazama.

Simu ikalia. Mama wa bibi harusi. "Shoga, tayari?"

"Inaiva," alisema, akakata kabla hajaulizwa inaivia wapi.

"Nimwite ndugu yangu?" mumewe aliuliza. Alikuwa amerudi kupumzika kabla ya kwenda kuwachukua wanafunzi.

"Umwite aje acheke mara ya pili?"

Akajitupa kwenye kochi kando ya mumewe. Lilikuwa jua la mchana lile lisilo na upepo. Mumewe alipojisogeza kumpisha, nailoni ikambandukia mgongoni kwa mlio, shati limeloa chepechepe.

"Kochi hili," alinung'unika, "joto la mtu halipiti. Linarudi mgongoni."

Bi Nailoni akanyanyua kichwa. "Umesemaje?"

"Nimesema joto halipi—"

Alishafika mezani. Bisibisi mkononi, skrubu zikitoka kwa mshazari uleule zilioingilia. Akakiinua chuma cha kupoozea, akakigeuza. Dawa ya kijivu ilikuwa imetandazika vizuri kabisa juu ya nailoni nyembamba, angavu, yenye maandishi mekundu aliyodhani ni jina la kiwanda.

Mumewe alisogea na tochi bila kuitwa. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaiacha."

"Kitu kipya, nikivue nguo?"

Akaibandua kwa ukucha. Ikatoka kwa sauti ndogo, chrrr, sauti ambayo haikuwahi kusikika katika nyumba ile. Akapangusa, akapaka dawa iliyobaki, akafunga. Video ikaanza kutoka. Keki ikapita. Wajomba wakacheza, wakapita. Bi Nailoni alisimama mikono kichwani mpaka bibi harusi alipopunga mkono wa mwisho, na mashine bado inahema taratibu kama aliyelala usingizi wa baada ya kula. Alipiga vigelegele peke yake. Mumewe alikuwa ameshakwenda kwenye basi, akavisikia ngazini.

Jumamosi asubuhi mama wa bibi harusi aliichukua video yake, akaitazama mwanzo tu, akalia, akaweka oda ya harusi ya mdogo mtu. Jioni akaja shemeji. Akafungua ubavu wa kasha kwa vidole tu, akachungulia, akaufunga, akakaa kwenye kochi.

"Nyaya umezipanga kuliko vijana wangu," alikiri. "Haikukusumbua hata kidogo?"

Mumewe akakohoa. Bi Nailoni akamkazia jicho, kisha akalilegeza.

"Ilinisumbua. Nikamgombeza fundi, akarekebisha."

"Fundi yupi tena?"

"Simama."

"Nimekosa nini?"

"Simama, nikulipe."

Alikuja na mkasi wa kukatia picha. Akachana nailoni kutoka mkono mmoja wa kochi hadi mwingine, akaivuta yote, vumbi la miaka likapaa. Kumbe kochi lilikuwa la kijani. Mumewe, aliyelikalia muda wote huo, aliapa alidhani ni la kahawia.

Shemeji alishuka taratibu, kama anayeingia kwenye maji ya baridi. Akakaa. Akajitikisa.

"Mbona halilii?"

"Deni limekwisha?"

"Limekwisha, shemeji."

"Basi usiegemeze kichwa. Umepaka mafuta."