Umeme Niliousingizia

Chekeni, ndugu zangu, lakini mjue kwanza nilivyotetemeka.

Siku hizi maduka binafsi ya dawa yanachipuka Dodoma kama uyoga, na sisi wa maabara ndio tunaopima vidonge vyao. Mashine husukuma dawa pamoja na maji ya chumvi ndani ya bomba jembamba la chuma, tunaloliita kolamu. Kazi ikiisha, unapitisha maji safi kwa muda mrefu, la sivyo chumvi inaganda humo. Mimi, wiki ya pili kazini, jioni nikapata lifti ya kwenda nyumbani Miyuji. Nikazima pampu, nikakimbia.

Asubuhi kolamu ilikuwa imeziba kabisa. Na kolamu huagizwa Ulaya, ikasubiriwa miezi! Nikamwendea mkuu wangu, Mama Mwaluko.

“Shikamoo, mama. Jana nikiwa nasafisha, umeme ulikatika. Nilingoja gizani mpaka nikachoka. Nasikia umerudi alfajiri. Sasa kolamu imeziba.”

“Marahaba. Pole sana. Usihangaike, hiyo ni kolamu chakavu, huwa nawafungia wageni wa kazi wajifunzie. Nzima ninayo kabatini.”

Nilishusha pumzi. Nikamshukuru Mungu, na umeme pia nikaushukuru.

Mama akainama nyuma ya mashine. Kumbe kalamu ya umeme ya mashine, inayochora vipimo kwenye karatasi, sikuizima, nayo ilikuwa imechora usiku kucha. Akaanza kuvuta karatasi kutoka sakafuni, mita baada ya mita.

“Na yote hii, mwanangu, imechorwa kwa kibatari?”