Mama Majalada na Barua ya Magunia

Mama Majalada hakusoma sana. Aliacha shule kidato cha nne, akaajiriwa masjala kugonga mihuri, na kwa miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya dirisha dogo lenye nondo, penseli imechomekwa kwenye nywele, akijua kila jalada liko kwa nani na limelala kwake siku ngapi. Leo anafundisha maofisa wenye shahada mbili mbili namna ya kufanya kazi na Jumuiya ya nchi zetu. Wakurugenzi wanampa shikamoo. Niliposikia hayo, mimi mwenye shahada yangu ukutani, roho iliniuma, wala sitaficha.

Zamani alikuwa chini ya marehemu mume wangu, mkurugenzi wa idara ya mambo ya Jumuiya. Kila jioni mezani alikuwa yeye: Mama Majalada kagundua hili, Mama Majalada kanikumbusha lile. Hakuna baya lililokuwa kati yao. Nalisema wazi kwa sababu mji una midomo. Lakini mwanamke huweza kuona wivu hata kwa kicheko, akijua si yeye aliyekisababisha.

Mume wangu alistaafishwa kwa aibu ya barua moja, na mwaka uliofuata akafariki. Mtaani wakambatiza jina: Mkurugenzi Aliyelalia Barua. Wanangu wamekua wakilisikia.

Basi mwezi uliopita wifi yangu aliingia bila hata kuvua viatu.

"Wifi, umeketi tu? Kaka yuko darasani!"

"Darasa gani? Mtu yuko kaburini."

"Yeye ndiye somo lenyewe! Huyo Mama Majalada anasimulia ile barua ya magunia mbele ya watu arobaini, na wanacheka. Wanacheka, wifi!"

Kesho yake nilivaa vizuri, nikaenda chuoni anakofundisha kumkomesha.

Darasa lilikuwa chini, karibu na ngazi. Meza zimepangwa mduara, na mbele ya kila ofisa kibao cha karatasi ngumu chenye jina la nchi. Mama Majalada aliponiona aliinamisha kichwa. "Karibu, mama," akasema, akanionyesha kiti cha nyuma chenye meza, kisha akaendelea na kazi.

"Wewe wa pembeni. Umesema 'mimi naona.' Wewe ni nani?"

"Ofisa mipango, mama."

"Kule kwenye vikao vya Jumuiya huna cheo wala jina. Ukifungua mdomo, ni nchi imefungua mdomo. Rudia."

"Nchi yangu inaona..."

"Mbona nchi yako inaongea kama imeshiba ikalala? Sauti!"

Wakacheka, naye kijana akarudia mpaka dirisha likasikia. Nilikaa nikiwa nimekaza taya. Alikuwa fundi. Ningependa sana asiwe.

"Haya," akasema. "Barua imetoka Sekretarieti ya Jumuiya. Kanuni mpya. Mwenye pingamizi ajibu kabla ya Ijumaa saa kumi. Kanuni hamuitaki. Mtafanyaje?"

Mzee mmoja mwenye miwani akasema, "Tunaiweka chini kabisa ya trei, mama. Itajifia yenyewe."

"Huku kwetu, baba, barua ikikaa inakufa. Kule ikikaa inapita. Ijumaa saa kumi na dakika moja ni sheria, imekufunga wewe na wajukuu zako. Ndivyo gunia la kilo mia lilivyopigwa marufuku mipakani. Malori yetu yalisimama wiki tatu, mahindi yakaota humo humo ndani."

"Bosi alilala!" mtu akadakia.

Nikashika ukingo wa meza ili nisimame. Lakini yeye alikuwa ameshainua penseli.

"Bosi alikuwa kitandani na homa, na mkoba wenye barua ulikuwa nyumbani kwake. Alhamisi karani akaenda kuufuata. Mlangoni akaambiwa mgonjwa haoni watu wa kazini. Akarudi mikono mitupu. Kosa la nani?"

"La mke!" akasema yule mwenye miwani. "Wake za wakubwa ndio mabosi wenyewe!"

"La karani," Mama Majalada akasema, bila kunitazama. "Hakusema kilichompeleka. Angetaja saa na siku, angepewa. Karani huyo ni mimi. Ndiyo maana nawaambia: taja tarehe kwanza, salamu zitafuata."

Uongo. Alitaja. Nilikuwa nimesimama mlangoni mimi mwenyewe. "Mama, kuna barua, mwisho kesho saa kumi." Alisema mara mbili. Nami niliitazama ile penseli nikafikiri: hata homa ya mume wangu anataka awemo. Nikafunga mlango, mkoba nikaupandisha juu ya kabati. Mume wangu alipopona akauulizia, na malori yamekwisha kusimama; nikaogopa, nikasema sijauona. Baada ya mazishi ndipo nilipoufungua. Majibu yalikuwamo, mwandiko wake, sahihi yake, pingamizi lenye sababu tatu. Yalikuwa yanangoja kupelekwa tu. Miaka sita nimeifungia karatasi ile sandukuni, watu wakimwita mume wangu lile jina, kwa sababu kuitoa ni kujianika na mimi. Nikajiambia hiyo ndiyo kulinda jina.

Sasa ningeweza kubaki kimya na hakuna ambaye angejua. Kilichoniinua si uchaji, niseme kweli. Ni wivu ule ule. Hata kosa langu alikuwa amelibeba yeye, na lilimkaa vizuri.

"Karani alisema," nikasema. "Tena mara mbili. Wa mlangoni ni mimi. Na mume wangu hakulalia barua. Aliijibu akatia sahihi. Majibu yalikuwa juu ya kabati langu."

Mwenye miwani akaanza kuvifuta vioo vyake. Mama Majalada akasogea mpaka mezani kwangu.

"Mama, hukuwa na haja," akasema kwa sauti ya chini.

"Ninayo. Jina lile ni letu, si lako."

Akaiweka penseli mezani. Kisha: "Karatasi ipo?"

"Ipo."

"Nimeitafuta miaka yote hii."

Siku ya pili nilimpelekea. Wifi alikuwa amekwisha kuninunia: nimemsafisha kaka yake, lakini watoto nimewapa mama wa kusemwa. Nikamwambia watoto walikuwa na baba wa kusemwa, na yeye hakuwa na kosa.

Mama Majalada aliisoma karatasi akiwa wima, dirishani. Ataitumia darasani, akasema, na jina la mkurugenzi litasomwa lote pamoja na sababu zake. Alipofika katikati akatabasamu.

"Sababu hii ya pili," akasema, "nilimpa mimi."

Roho ikaniuma tena, pale pale. Nikamwomba anisomee ya tatu.